Fada umeshusha, mbona faili bado limepasuka? Geini na njia za sauti kwenye kinasa cha kubeba

Malalamiko haya ni ya kawaida kwa mafundi wanaotoka kwenye kamera na kuanza kutumia kinasa sauti chenye chaneli nyingi. Mzungumzaji kapaza sauti ghafla, fundi kashusha fada (kidhibiti cha kiasi cha chaneli ndani ya mchanganyiko), hedifoni zimetulia, kazi imeisha salama. Kesho yake mhariri anafungua faili za chaneli moja moja na kukuta sauti imepasuka palepale mzungumzaji alipopaza. Na kuna kinyume chake: fada iko juu, hedifoni zinajaza masikio, lakini faili lina sauti ndogo yenye shii nyingi.

Kinasa hakina kosa. Fada ilifanya kazi yake, ila haikuwa kwenye njia ya faili lile. Ukishaelewa sauti inapita wapi na inagawanyika wapi, nusu ya matatizo ya kurekodi kazini yanaisha, iwe unatumia Zoom, Tascam au Sound Devices.

Hatua ya 1: Chora njia ya sauti

Chukua karatasi, uchore mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Mwanzo ni maikrofoni. Inafuata tundu la kuingilia, ambapo unachagua kama sauti inayokuja ni ya kiwango cha maiki au cha laini, yaani sauti yenye nguvu zaidi itokayo kwenye mashine nyingine ya sauti. Kisha priampu, saketi inayokuza umeme mdogo wa maiki. Kirungu cha priampu ndicho geini, na vinasa vingine hukiita trimu. Baada yake kuna kigeuzi kinachobadili umeme kuwa namba za kidijitali. Mpaka hapo njia ni moja tu.

Baada ya kigeuzi mstari unagawanyika mara mbili. Tawi la kwanza linaenda moja kwa moja kwenye traki ya chaneli hiyo peke yake, ile wanayoiita ISO. Tawi la pili linapita kwenye fada, kisha kwenye pani inayoamua kushoto au kulia, kisha linakutana na chaneli nyingine kwenye mchanganyiko wa L/R. Mchanganyiko huo ndio unaorekodiwa kama faili la stirio, ndio unaotoka kwenda kamerani, na mara nyingi ndio unaousikia kwenye hedifoni.

Kwa hiyo geini inagusa kila kitu kilicho mbele yake: ISO, mchanganyiko, kamera, hedifoni. Fada inagusa tawi la pili tu. Mambo mengine yote ya mwongozo huu yanatoka kwenye mchoro huu.

Kuhusu geini kuna jambo moja zaidi. Ni kama tui la nazi: ukishatia maji mengi kwenye machicha, hakuna namna ya kulirudisha kuwa tui zito. Ukirekodi kwa geini ndogo mno, shii ya mashine inaingia kwenye faili pamoja na sauti, na ukikuza baadaye unakuza vyote viwili. Ukirekodi kwa geini kubwa mno, vilele vya sauti vinakatwa kwenye kigeuzi, na kilichokatwa hakipo tena. Fada haina hatari hiyo, maana mchanganyiko ukiharibika bado ISO ziko salama na mhariri anaweza kuchanganya upya.

Hatua ya 2: Jua kirungu unachoshika ni cha nini

Hapa ndipo watengenezaji wanapowachanganya watu. Kwenye Zoom H6, virungu vinne vya matundu ya XLR (yale ya plagi ya pini tatu) ni geini. Ukikizungusha wakati wa kurekodi, badiliko linaingia kwenye faili moja kwa moja. Kwenye Zoom F8 na F8n, virungu vidogo vya mbele huendesha fada, na trimu unaifikia ukibonyeza PFL (kitufe cha kusikiliza chaneli moja kabla ya fada) ya chaneli husika. MixPre za Sound Devices zina namna mbili: ile ya msingi, ambapo kirungu kimoja kinabeba mzigo wote, na ile ya juu, ambapo geini unaiweka ndani ya skrini ya chaneli na kirungu cha mbele kinabaki kuwa fada.

Mtu aliyezoea H6 akikabidhiwa F8n atazungusha kirungu akidhani anapunguza geini, kumbe anashusha mchanganyiko tu. Aliyezoea F8n akishika H6 ataharibu kinyume chake: atapanda na kushuka na geini katikati ya hotuba akidhani "anachanganya", na mhariri atapokea sauti inayoyumba ambayo hakuna aliyeiomba.

Usikariri vitabu vya maelekezo. Fanya jaribio hili kwenye kinasa chochote kigeni mkononi mwako. Chomeka maiki moja, washa ISO na mchanganyiko wa L/R, anza kurekodi. Hesabu kwa sauti isiyopanda wala kushuka kuanzia 1 hadi 20. Ukifika 10, shusha kirungu cha mbele nusu. Simamisha, kisha sikiliza faili zote mbili. Ikiwa ISO imebaki vilevile na mchanganyiko umeshuka, kirungu ni fada na ISO inachukua sauti kabla ya fada. Ikiwa zote zimeshuka, basi ama kirungu ni geini, ama ISO imewekwa kuchukua sauti baada ya fada. Ingia kwenye menyu ujue ni lipi. Jaribio lina thamani kuliko video nyingi zinazoeleza kinasa hicho hicho, kwa sababu menyu ya kinasa chako huenda ilishaguswa na mtu mwingine kabla yako. Vinasa vya kukodi hasa.

Hatua ya 3: Kiwango cha maiki au laini

Maiki hazilingani. Shure SM58, ambayo ipo karibu kila ukumbi na kila kanisa, inatoa takriban milivolti 1.85 kwa shinikizo la paskali moja. Sennheiser MKH 416, maiki ya bumu (fimbo ndefu ya kushikia maiki) ya wapiga filamu, inatoa milivolti 25 kwa shinikizo lilelile. Tofauti hiyo ni kama desibeli 23. Ndiyo maana geini iliyofaa jana kwa bumu haitafaa leo kwa SM58, na namba ya geini ya rafiki yako haikusaidii bila kujua ameshika maiki gani na kaiweka umbali gani. Kumbuka pia kwamba MKH 416 inahitaji volti 48 kutoka kwenye kinasa, na SM58 haihitaji.

Laini ni habari nyingine kabisa. Mikisa ya ukumbini (mashine ya kuchanganyia sauti) ikitoa sauti kwa kiwango cha kitaalamu, ni +4 dBu (kipimo cha umeme wa sauti), kubwa kuliko ya maiki kwa makumi ya desibeli. Ukiiingiza kwenye tundu lililowekwa kiwango cha maiki, sauti inapasuka mlangoni, kabla hata ya kufika kwenye kigeuzi. Dalili yake ni ya ajabu kwa asiyeijua: geini iko chini kabisa, mita inaonyesha kiasi cha kawaida, lakini sauti inakwaruza. Mita iko baada ya mahali palipoharibika, kwa hiyo haioni kitu.

Dawa ni kubadili tundu kuwa laini. Kwenye F8 ya kwanza, XLR ni ya maiki na geini yake haishuki chini ya +10 dB, hivyo laini inaingia kwa plagi ya TRS (ile ndefu kama ya hedifoni kubwa). F8n ikaongeza uwezo wa kuchagua laini kwenye XLR yenyewe. H6 ina swichi ya kupunguza dB 20 kwa kila tundu. Kama kinasa chako hakina lolote kati ya hayo, nunua kipunguza sauti kidogo cha kuchomeka kwenye waya, au mwombe fundi wa ukumbi ashushe tundu lake la kutolea. Na kabla ya kuchomeka kwenye mikisa ya mtu, zima volti 48 za chaneli hiyo.

Hatua ya 4: Maiki isiyo na waya ina geini zake mbili

Watu huisahau hii kwa sababu kirungu hakipo kwenye kinasa. Kisambazi anachovaa mzungumzaji kiunoni kina kipimo chake cha usikivu, na kipokezi kina kiwango chake cha kutolea sauti. Jumlisha geini ya kinasa, unapata sehemu tatu ambapo sauti inaweza kupasuka au kuzama kwenye shii.

Fuata mpangilio wa njia, usianzie mwisho. Kwanza weka usikivu wa kisambazi, mzungumzaji akiongea kwa sauti yake ya jukwaani, mita ya kisambazi ipande vizuri bila kugonga juu. Pili weka kiwango cha kipokezi. Mwisho kabisa gusa kinasa. Kisambazi kikipasua sauti, hakuna kirungu kwenye kinasa kitakachoiponya, na fundi anayejaribu kurekebisha huko mwisho anapoteza muda wa watu.

Hatua ya 5: Weka geini

Sasa weka fada zote kwenye 0, alama ambayo haiongezi wala haipunguzi. Bonyeza PFL ya chaneli moja, ili mita na hedifoni zikuonyeshe sauti ilivyo kabla ya fada. Mwombe mzungumzaji aseme atakavyosema kweli. "Moja, mbili, moja, mbili" haina maana. Watu hulisema kwa unyonge. Mwulize alikula nini asubuhi, au mwombe aeleze jambo linalomkera. Sauti halisi itatoka.

Kwa mazungumzo yanayorekodiwa biti 24, ninapenda wastani uwe karibu na -20 dBFS (desibeli zinazohesabiwa kutoka kikomo cha kidijitali, ambacho ni 0) na vilele visizidi -12 hadi -10. Wapo wanaosukuma hadi -3 wakidhani wanapata ubora zaidi. Tabia hiyo ina asili: biti 16 zinabeba upana wa dB 96 tu, na zamani ilikuwa busara kuujaza. Biti 24 zinabeba dB 144 kwa nadharia, kiasi ambacho hakuna priampu ya kubeba inayokifikia, kwa hiyo nafasi unayoiacha juu haikugharimu chochote kinachosikika. Iache.

Kiasi cha nafasi kinategemea kinachokuja. Kwenye harusi, hotuba ya mshenga ni tulivu, kisha bibi harusi anaingia na vigelegele vinapigwa nusu mita kutoka kwenye maiki yako. Geini ya chaneli za hadhira pangia vigelegele, usipangie hotuba. Ngoma nayo hivyo hivyo: pigo la kwanza la msondo huwa kubwa kuliko lolote ulilosikia wakati wa kujaribu, kwani mpigaji hajaribu kwa moyo.

Limita, kifaa kinachozuia vilele kupita kiwango fulani, isikupe kiburi. Ile ya analogi iliyo kabla ya kigeuzi inaweza kweli kukuokoa na kilele cha ghafla. Ile ya kidijitali iliyo baada ya kigeuzi inapokea sauti ambayo tayari imekatwa, na kazi yake inabaki kulinda mchanganyiko na matundu ya kutolea. Vyovyote vile, limita inayowaka kila sentensi inakuambia geini iko juu.

Vinasa vingi vina njia ya akiba. H6 inaweza kurekodi nakala ya pili ya maiki yake ya juu ikiwa chini kwa dB 12. F8 inaweza kurudufu chaneli 1 hadi 4 kwenye 5 hadi 8 kwa kiwango tofauti. Itumie kila nafasi inaporuhusu. Kadi za kumbukumbu siku hizi si ghali kuliko kurudia harusi.

Hatua ya 6: Amua njia, ndipo uchanganye

Kwa kila chaneli jibu maswali mawili kwenye menyu. Je, ISO yake imewashwa kurekodi, na inachukua kabla au baada ya fada? Je, inakwenda kwenye mchanganyiko wa L/R, na upande gani? Haya ni maswali tofauti. Chaneli inaweza kwenda kwenye mchanganyiko bila ISO yake kurekodiwa, na inaweza kurekodiwa bila kuingia kwenye mchanganyiko. Mtego mkubwa uko hapo: unaisikia vizuri kwenye hedifoni kupitia mchanganyiko, unaamini ipo kwenye kadi, kumbe traki yake haikuwashwa.

ISO ziache kabla ya fada. Sababu pekee ninayoikubali ya kuziweka baada ni fundi anayefanya kazi peke yake, asiye na uhariri baadaye, anayekabidhi faili papo hapo. Hata huyo ningemwambia akabidhi mchanganyiko wa L/R na azibakize ISO kama zilivyo.

Tuchukue harusi ya ukumbini na kinasa chenye XLR nne. Chaneli ya 1 ni laini kutoka mikisa ya ukumbi. Ya 2 ni maiki isiyo na waya ya MC. Ya 3 na ya 4 ni jozi ya maiki zinazotazama hadhira. ISO zote nne zinarekodiwa kabla ya fada. Kwenye mchanganyiko, 1 na 2 zinakaa katikati, 3 inakwenda kushoto na 4 kulia, fada zake zikiwa chini kidogo ili makofi yasizamishe maneno. Sauti ya MC huenda ipo pia ndani ya chaneli 1, kwa kuwa ukumbi unamkuza. Ukifungua fada zote mbili, utasikia sauti yake nyembamba kama anaongea ndani ya bomba, kwa sababu nakala mbili zinafika kwa nyakati tofauti. Chagua moja wakati wa hotuba. Hiyo ndiyo kazi halisi ya fada: kumpa msikilizaji kile anachopaswa kukisikia sasa hivi.

Ukisikia mvumo wa umeme kwenye chaneli 1, chomoa kinasa kwenye umeme wa ukutani, kiendeshe kwa betri kabla ya kulaumu waya.

Mchanganyiko unaweza kupasuka ingawa kila chaneli iko sawa. Sauti mbili zinazofanana kabisa zikijumlishwa zinapanda kwa dB 6. Mbili zisizohusiana zinapanda kwa kama dB 3. Chaneli nne zenye vilele vya -10 zinaweza kugonga paa la L/R. Hapo shusha fada, usiguse geini.

Hatua ya 7: Hedifoni na kamera

Kirungu cha hedifoni hakirekodi chochote, lakini kinadanganya sana. Ukikipandisha kwa sababu ukumbi una kelele, utashusha geini bila kujua. Kitie alama ya utepe mahali ulipopazoea, kisha acha mita ikuambie kiwango na masikio yakuambie ubora. Na baada ya kutumia PFL, hakikisha umerudi kwenye mchanganyiko. Kuna watu wamefanya mahojiano mazima wakisikiliza chaneli moja.

Kutuma sauti kamerani, toa mlio wa 1 kHz kwenye kinasa kwa -20 dBFS. Zima geini ya kujiendesha ya kamera, kisha rekebisha kamera mpaka mita yake isome -20. Kama kamera ina tundu dogo la maiki la 3.5 mm, kiwango cha kutolea cha kinasa kipunguze kifikie cha maiki. Priampu za kamera nyingi za picha zina shii, kwa hiyo ni bora geini ya kamera ikae karibu na chini na kinasa kisukume zaidi. Sauti hiyo ni ya kumwongoza mhariri kulinganisha picha, lakini siku kadi ya kinasa itakapogoma ndiyo itakayobaki.

Na biti 32 zinazoelea?

Zoom F6 na MixPre za kizazi cha pili zilileta uwezo huu mwaka 2019, na F3 ya 2022 ikaondoa kirungu cha geini kabisa. Vinasa hivi hutumia zaidi ya kigeuzi kimoja kwa kila tundu, kimoja cha sauti ndogo na kingine cha kubwa, na faili linabeba upana wa hesabu unaozidi dB 1500. Ukiona mawimbi yamepita 0 dBFS, unayashusha kwenye programu na vilele vinarudi vizima.

Ni msaada mkubwa, hasa kwa anayefanya kazi ya watu watatu. Ila maiki yenyewe ikizidiwa, imezidiwa. Kisambazi kisicho na waya kikipasua, biti 32 zitarekodi mpasuko huo kwa uaminifu mkubwa. Laini kwenye tundu la maiki bado inaweza kuharibika mlangoni. Mchanganyiko unaotoka kwenda kamerani una paa lake lilelile, hivyo fada bado zinahitaji mkono. Na mhariri asiyejua akibadili faili kuwa biti 24 kabla ya kulishusha, vilele vitakatwa hapo mezani kwake.

Kwa hiyo unapokabidhi kadi, ambatisha maelezo mafupi: traki 1 hadi 4 ni ISO kabla ya fada, L/R ni mchanganyiko, biti ni ngapi, traki ya 1 imetoka mikisa ya ukumbi. Kama ni biti 32 zinazoelea, andika ashushe kwanza ndipo abadili.